Maelezo ya Picha ya Shaba, Katuba

Padri Severini aliniomba mistari mitano tu
ya kubandika ukutani, kando ya picha,
ili wageni wa Pasaka wasipite kama maji mferejini.
Nimefuta mara tisa. Hii ya kumi haitaenea kwenye kadi.

Ni bamba la shaba, urefu wa mlango.
Twite alilifua kwa miezi saba uani kwake,
mbwa wa mtaa mzima wakijibu kila pigo.
Bwana anatoka kaburini.
Hivyo ndivyo nilivyoandika kwanza, kwa wino, bila shaka yoyote.

Lakini nilikwenda asubuhi.
Jua lilipenya dirisha la mashariki, shaba ikawaka,
na uso haukuwepo: mwanga mtupu,
mwanga usio na pua wala kidevu.
Nikaandika: *utukufu.*

Nikarudi saa sita. Shaba imekuwa rangi ya sufuria,
unaweza kuhesabu alama za nyundo kwenye mbavu.
Nikaandika: *mateso.*

Saa kumi na moja jioni
vumbi jekundu la barabara lilikuwa bado hewani,
uso ukarejea polepole, na haukuwa wa furaha.
Ulikuwa uso wa mtu aliyechelewa kurudi nyumbani
asiyejua atamkuta nani yu macho.
Sikuandika kitu.

Juu ya paji la uso kuna uvimbe mdogo wa mviringo.
Nilikaa nao siku mbili.
Taji la nuru lililoteleza, nilisema;
jicho la tatu, mbegu, mwezi,
nikajaza ukurasa mzima kuhusu mwezi.
Nikamuuliza Twite. Alikuwa anakula bukari, hakuinua kichwa.
«Nyundo iliteleza,» alisema.
Akatafuna. Akameza.
«Nilipouona, nikauacha.»

Jumamosi ni zamu ya Mama Nkulu.
Anasugua kwa ndimu, chumvi na majivu ya makala,
kanga imefungwa kiunoni, viatu ameviacha mlangoni,
anaanza na nywele za Bwana, kisha mabega,
taratibu, kama anayemwogesha mgonjwa.
Akifika magotini anasimama.
Chini ya hapo, pale kwenye shimo,
shaba imeota ukijani wa miaka.

Nikamwambia, mama, umesahau huku chini.

«Sikusahau.»
Akakamua kitambaa.
«Kyungu wangu aliingia ardhini mwezi wa mvua.
Rangi aliyokuwa akiifuata ni hiyo.
Nikiisugua, shimo litageuka sakafu,
na Bwana atakuwa amesimama tu, kama mpiga picha wa harusi.
Atakuwa anatoka wapi?»

Nikamwonyesha uvimbe wa pajini.
Alinitazama jinsi wanavyotazamwa watu waliosoma sana.
«Tochi hiyo, mwalimu.
Nani angeshuka kule bila tochi?»

Angeshuka.
Nilirudi kwenye picha na neno hilo mfukoni.
Mguu mmoja uko juu, mmoja haujafika.
Miaka yote hii tumeimba kwamba anapanda.
Magoti, ukiyatazama vizuri, yamekunjwa kama ya mtu
anayepapasa kwa wayo ngazi asiyoiona.

Umeme ukakatika, kama kawaida ya Jumamosi.
Giza likala dirisha, madhabahu, mikono yetu.
Mama Nkulu alikuwa bado anasugua bega;
nilisikia kitambaa kikienda na kurudi.
Kitu cha mwisho kuzimika
kilikuwa kile kosa la nyundo, pale pajini.
Sijui kilikuwa kinapata mwanga wapi.

Padri, kadi yako hii hapa:

*Shaba, nyundo, ndimu.*
*Njoo jioni.*
*Palipo kijani pasiguswe:*
*kuna watu.*